Chembe Haina Kinyongo

Tabaka, katika nchi ya Mugirango Kusini, watu wanaishi kwa jiwe. Wanaume huuchimba mwamba laini kwa sururu na jembe, wachongaji huukata kwa panga na patasi, na wanawake huusugua kwa maji na msasa mpaka jiwe jeupe, la waridi au la kijivu ling'ae kama yai lililooshwa. Kila kinyago kinapoondoka kwenda Nairobi au ng'ambo, nyuma yake hubaki vumbi. Hukaa juu ya migomba, juu ya nguo zilizoanikwa, katika nyusi za mchongaji. Ukilichota kwa vidole halina ukali, ni laini kama unga wa wimbi. Na ndani ya unga huo limo swali la kale: jiwe laweza kukatwa mpaka wapi? Ukikata nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo, utafika mahali kisu kinapogoma?

Swali hili liliulizwa Ugiriki zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Nalisimulia kwa sababu lilizaa swali jingine lililo zito zaidi: vitu tusivyoviona, vile vinavyoleta radi, homa na mauti, je, vina nia nasi? Katika vilima vya Kisii na Nyamira watu wamekufa kwa sababu swali hilo la pili lilijibiwa vibaya.

Kisichokatika

Waliojibu la kwanza ni Leucippus na mwanafunzi wake Democritus, aliyezaliwa karibu mwaka 460 KK katika mji wa Abdera, kaskazini mwa nchi za Wagiriki. Watu wa kale walisimulia kwamba Democritus alisafiri mbali kutafuta elimu, akafika Misri, na wengine wakaongeza kuwa alifika hata Ethiopia. Jibu lake lilikuwa fupi. Kisu kitagoma. Mwisho wa kukata kuna chembe zisizogawanyika, na katikati yake kuna utupu. Akaziita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kisichokatika, na ndilo neno tulilolipokea shuleni kwa jina la atomi. Jiwe, mvua, ngozi ya mtu na nyota za mbinguni ni mikusanyiko ya chembe hizo. Zikikutana kitu huzaliwa, zikiachana kitu hufa.

Democritus hakuishia kwenye mawe. Aliandika mengi kuhusu tabia, na mojawapo ya mafundisho yake lilikuwa kwamba mtu aone haya mbele ya nafsi yake mwenyewe kama anavyoona haya mbele za watu, asitende ovu hata pale asipoonekana na yeyote. Msomaji aliyelelewa Gusii atalitambua fundisho hilo, maana kwao adabu nzima ya boma, kati ya mzazi na mtoto, mkwe na mkwe, rika na rika, huitwa chinsoni. Neno hilo ni ndugu wa soni ya Kiswahili.

Aliyeligeuza wazo la chembe kuwa dawa ya moyo ni Epicurus. Alizaliwa mwaka 341 KK katika kisiwa cha Samos, na karibu mwaka 306 KK akanunua nyumba yenye bustani mjini Athens. Dunia yake ilikuwa imevurugika. Aleksanda Mkuu alikuwa amekufa mwaka 323 KK, majemadari wake wakararuana, na miji ikabadilisha watawala mara kwa mara. Bustanini waliketi pamoja waungwana, wanawake na watumwa, jambo lililowashangaza majirani. Epicurus alitazama binadamu akaona kwamba ugonjwa wake mkubwa ni hofu: hofu ya miungu, hofu ya kifo, na hofu ya kila jambo asilolijua chanzo chake. Hofu hiyo, kwa mafundisho ya bustani yake, ndiyo inayomfanya mtu alimbikize mali asiyoihitaji, amchukie jirani na kumtendea unyama.

Ndiyo maana katika barua kwa mwanafunzi wake Pythocles alichukua taabu ya kueleza radi. Hakutoa sababu moja, alitoa kadhaa: upepo uliofungwa ndani ya mawingu, mawingu kusuguana, chembe za moto kubanwa zikaponyoka. Hakujali sana ni ipi kati ya hizo iliyo sahihi, mradi mwanafunzi ashike jambo moja, kwamba radi ina chanzo na haina mtumaji. Kiswahili kinatusaidia kuyaona mapinduzi hayo kwa herufi moja tu. Kwa mazoea ya kale, mtu alipopigwa na radi watu waliuliza, "Nani kampiga?" Epicurus aliwafundisha kuuliza, "Nini kimempiga?"

Kuhusu haki alifundisha kwamba haikushuka kutoka juu. Ni mapatano ya watu kutodhuriana, yanayofanywa mahali fulani, kwa faida ya wote. Anayeyavunja kwa siri, hata akifichika mara elfu, hatalala kwa amani, kwa kuwa hajui siku ya kugunduliwa.

Miaka 200 hivi baadaye mshairi wa Roma, Lucretius, aliliweka fundisho hili lote katika utenzi wa vitabu 6. Karibu na mwanzo wake aliweka kisa cha mfalme Agamemnon aliyemtoa binti yake kafara ili apate upepo wa kuendesha merikebu zake kwenda vitani. Msichana alikufa mbele ya baba yake kwa sababu watu waliamini kwamba hewa ina hasira. Mwishoni mwake aliweka tauni ya Athens, na hapo akaeleza kwamba maradhi huletwa na mbegu ndogo zinazoelea hewani na kuingia mwilini. Alikufa karibu mwaka 55 KK. Vimelea na virusi alivikisia bila darubini.

Nchi ya Engoro

Wakati utenzi huo ukinakiliwa na kusahauliwa Ulaya, Abagusii walikuwa bado hawajafika vilimani. Walipofika na kukaa, Abagetutu, Abanyaribari, Ababasi, Abamachoge, Abanchari na Abagirango, walijikuta juu ya nchi yenye rutuba katikati ya Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai. Ni nchi ya mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko, na karibu kila alasiri ya majira ya mvua mawingu hupasuka. Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Anayeishi chini ya mbingu kama hiyo hana budi kuuliza maswali ya Pythocles.

Waliishi na Engoro, Mungu aliye mbali, na ebirecha, roho za wazee waliokufa, zilizo karibu na boma. Mambo yalipoharibika walikwenda kwa omoragori, mpiga ramli, kujua ni nani kakasirika. Mara nyingi jibu lilikuwa mzee aliyesahauliwa kaburini. Mara nyingine lilikuwa omorogi, mchawi, jirani anayesemekana kutembea usiku akiwa uchi na chungu cha moto mkononi. Swali lao lilikuwa "nani".

Lakini haikuwa jamii ya giza, na anayeisimulia hivyo anaikosea. Gusii ilikuwa na ababari, wapasuaji wa fuvu. Mtu aliyepigwa rungu au kuanguka, akabaki na maumivu ya kichwa yasiyokoma, alilazwa chini, ngozi ikafunguliwa, na omobari akaukwangua mfupa polepole mpaka ufa au donge likaonekana. Alijua mishipa ya damu ilipo na alijua mahali pa kusimama kabla ya utando wa ubongo. Wagonjwa wengi walipona. Madaktari wa kizungu walioandika kuhusu upasuaji huo miaka ya 1950 na 1960 walistaajabu. Mbele ya fuvu lililopasuka, omobari aliuliza "nini" kabla ya "nani", kwa sababu mkono wake uligusa chanzo.

Na Gusii ilikuwa na mapatano yake. Wazee wa etureti waliamua kesi, na pale ushahidi uliposhindikana, mtuhumiwa aliitwa kula emuma, kiapo kizito, ndugu wa muma wa Wakikuyu. Aliyeapa uongo aliachiwa kiapo chenyewe kimfuate. Tusiipambe kale: washukiwa wa uchawi walifukuzwa, na wapo waliouawa. Hata hivyo kati ya shutuma na adhabu palikuwa na baraza, wazee, maneno na muda. Hofu ilipitishwa kwenye njia ndefu, na njiani ilipoa.

Mwaka wa 1908

Njia hiyo ilikatwa kwa bunduki. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka msafara wa kijeshi, na mwaka 1907 afisa wao, G. A. S. Northcote, akaanzisha kituo kilichokuwa mji wa Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere, akitiwa ari na Moraa Ngiti, mwanamke mwenye dawa na unabii, alimchoma Northcote mkuki. Northcote alipona, na miaka 29 baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Askari wa King's African Rifles walichoma nyumba, wakachukua maelfu ya ng'ombe na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo akiwa naibu katika Wizara ya Makoloni, aliuliza kutoka London kama kweli palikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga.

Mwaka huohuo, mjini Paris, mwanafizikia Jean Perrin alikuwa akichungulia chembechembe za utomvu zikichezacheza ndani ya tone la maji. Aliupima mwendo wao kwa hesabu ambazo Albert Einstein alizitoa mwaka 1905, na matokeo yake yakamaliza ubishi wa karne 24. Atomi zipo. Democritus alikuwa sahihi, ingawa baadaye ilionekana kwamba hata atomi hukatika.

Wazo hilo lilipitia mikono mingi kabla ya Perrin. Maktaba ya Waepikurio, wafuasi wa Epicurus, huko Herculaneum, Italia, ilifukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK, lakini nakala ya utenzi wa Lucretius ilifufuliwa na msomi wa Italia, Poggio Bracciolini, mwaka 1417. Wanazuoni wa Kiislamu wa ilmul-kalam, Ash'ari na wafuasi wake, walifundisha kwamba ulimwengu ni chembe zisizogawanyika ambazo Mwenyezi Mungu huziumba upya kila nukta. Neno lao kuu lilikuwa jauhar, mzazi wa johari yetu. Pierre Gassendi, kasisi Mkatoliki wa Ufaransa katika karne ya 17, alizipokea chembe bila kumwacha Mungu. Haya ni muhimu kwa msomaji wa Kisii anayekwenda kanisani Jumamosi au Jumapili. Epicurus aliamini kuwa roho hufa na mwili, na wengi wetu hatumfuati huko. Waislamu na Wakristo waliotutangulia walionyesha kwamba mtu anaweza kushika imani yake na bado akaacha kumtafuta mchawi nyuma ya radi.

Lakini elimu hiyo haikuja Gusii ikiwa na uso wa bustani ya Athens, ilikuja nyuma ya bunduki. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa. Watu wakakumbuka unabii wa Sakawa, mwonaji wa Nyakoe, aliyesemekana kutabiri kuja kwa wageni na kuondoka kwao. Septemba 1914 Wajerumani walipoingia Kisii na kupigana na Waingereza, wengi waliona siku imefika, wakauvamia mji na misheni. Adhabu ikarudi tena. Vuguvugu la Mumbo, lililoanzia Alego mwaka 1913 kwa Onyango Dunde na habari ya nyoka mkuu wa ziwani, likaota mizizi Gusii, na viongozi wake wakapelekwa uhamishoni pwani. Watu walioporwa mamlaka juu ya maisha yao walitafuta nguvu isiyoonekana ya kuwatetea. Jamii yoyote iliyobanwa hivyo ingefanya vivyo hivyo.

Sheria bila dawa

Mwaka 1925 serikali ya Kenya ilitunga Sheria ya Uchawi. Ilikataza mtu kujidai mchawi, na ilikataza pia kumshutumu mwenzako uchawi isipokuwa mbele ya wakubwa wa serikali. Kwenye karatasi ilimlinda mshukiwa. Kwa wanakijiji ilionekana kama serikali imekwenda upande wa wachawi. Mwaka 1932 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumuua mwanamke waliyemshuku. Hukumu hiyo ilipunguzwa baadaye, ila ilionyesha dunia mbili zinazotazamana bila kuelewana. Dola iliweka kitanzi mahali pa emuma, na hofu yenyewe haikuiponya.

Philip Mayer, mtaalamu aliyefanya kazi Gusii miaka ya 1940, alieleza mwaka 1954 kwamba mchawi wa hadithi hizi si mgeni. Ni mtu wa ndani: mke mwenza, shemeji, mama mkwe, mtu unayepaswa kumpenda na huwezi. Robert na Barbara LeVine, waliokaa huko kati ya 1955 na 1957, waliona jinsi hofu hiyo ilivyokaa katika malezi na katika salamu za kila siku. Hapo ndipo lilipo jibu kuhusu maumbile ya mtu. Uchawi ni jina ambalo chuki ya karibu hujipa ili ionekane kuwa haki.

Miaka ya 1990 ilileta kila kitu kwa pamoja. Malaria ilipanda milimani ambako watu hawakuwa na kinga ya kutosha. UKIMWI ulianza kuzika vijana kabla ya wazazi wao. Bei za mazao na ajira ziliyumba, na siasa za vyama vingi zikaja na vurugu. Kati ya 1992 na 1994 makumi ya watu waliuawa Gusii kwa shutuma za uchawi, wengi kwa moto, kama alivyoonyesha msomi Justus Ogembo katika kitabu chake cha mwaka 2006. Mei 2008 watu 11 walichomwa usiku mmoja katika vijiji vya Kisii: wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao vikongwe. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa hivyohivyo huko Marani.

Waliowaua hawakukosea katika kila kitu. Kweli palikuwa na kitu kisichoonekana kilichokuwa kikiua watoto wao. Daktari Charles Laveran alikuwa amekiona kimelea cha malaria chini ya darubini mwaka 1880, na virusi vya UKIMWI vilitambuliwa mwaka 1983. Walipokosea ni pale walipodhani kwamba kisichoonekana lazima kiwe na kinyongo. Kimelea hakimjui mtoto wa nani. Virusi havikumbuki ugomvi wa mpaka wa shamba. Chembe haina husuda wala kisasi, na huwezi kuikomesha kwa kumchoma bibi wa jirani.

Shamba ninalitaja kwa makusudi, kwa maana ndilo kitu kingine ambacho Gusii imekikata mpaka kisu kinagoma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Baba aliyerithi ekari kadhaa za chai, kahawa na ndizi aligawia wanawe, nao wakagawia wao, mpaka sehemu ya mjukuu imetosha nyumba na choo. Katikati ya vipande hivyo amekaa ajuza mjane mwenye haki ya kipande chake. Amezeeka, anasahau, anatoka nje usiku asijue aendako, anazungumza peke yake. Daktari angesema ubongo wake unachakaa. Mwenye kutamani ardhi husema amemwona na chungu cha moto. Kilifi pia, kule pwani, wazee wameuawa kwa jina la uchawi huku shamba likiwa nyuma ya shutuma. Lucretius, akimfuata Epicurus, alifundisha kwamba tamaa isiyo na mpaka ni binti wa hofu ya kifo. Hapa mama na binti wameingia nyumba moja.

Mwaka 1908 mwanamke mwenye dawa, Moraa Ngiti, alisikilizwa na vijana wa nchi nzima. Miaka 100 baadaye, mwanamke kama huyo angefunga mlango mapema kwa kuwaogopa vijana haohao. Kati ya miaka hiyo miwili Gusii ilipoteza baraza lililoipoza hofu, na elimu iliyokuja ilikaa shuleni, ikawa jibu la mtihani bila kuingia katika matanga.

Hukumu

Hukumu yangu ni hii. Elimu ya chembe bila mapatano ya kutodhuriana haitoshi, kwani katika makundi yale ya usiku hawakukosekana vijana waliosoma atomi darasani. Na mapatano bila elimu hayadumu, kwa kuwa homa ikija kijijini hofu huyavunja. Wagiriki wa bustani walishika vyote viwili, na wazee wa etureti walikuwa wameshika kimoja na nusu. Lucretius alieleza na jambo la tatu: chembe huchepuka kidogo katika mwendo wao, na katika mchepuko huo aliweka uhuru wa mtu kukataa. Katika kundi linalokimbia na petroli na kiberiti, mtu mmoja anaweza kuchepuka. Soni ile ambayo Democritus alitaka iwepo hata gizani, na ambayo kila mtoto wa Gusii amefundishwa kwa jina la chinsoni, ndiyo inayomwezesha.

Basi ndugu msomaji, siku moja utaketi kwenye matanga, Nyamira, Ogembo, Keroka au kwingineko, na mtu atanong'ona, "Nani kamfanyia hivi?" Usinyamaze. Muulize aliyefiwa marehemu alikuwa akiumwa nini, alipimwa wapi, daktari alisemaje. Kama kuna ushahidi wa sumu au wa jinai, upelekwe polisi na mahakamani. Kama kuna ugomvi wa ardhi, uitwe ugomvi wa ardhi, uwekwe mbele ya chifu na wazee mchana. Na bibi yule anayesahau njia ya kurudi nyumbani, mshike mkono umfikishe kwake.